Sura Alizozikata

Mama alikuwa ameshatoa hukumu yake tangu asubuhi, na haikuwa hukumu ya kukatiwa rufaa.

"Aliyekuletea msiba hawezi kukuletea posa," alisema, huku akifagia mahali alipokwisha kufagia. "Mimi nimesema. Mwenye masikio amesikia."

Binti yake aliendelea kukunja nguo mezani. Angejibu nini? Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Mgeni wa leo alasiri ndiye yule yule aliyesimama kwenye mlango huo miaka mitatu iliyopita, kofia ya kazi ameishika kifuani, akayatafuta maneno asiyapate, na kwa kuyakosa kwake mke akajua kwamba ameshakuwa mjane.

"Tena polisi," mama aliongeza. "Mji mzima una waashi, una walimu, una wauza viatu. Macho yako yanaona polisi tu?"

"Inspekta hata sare havai siku hizi, mama. Ni mpelelezi."

"Risasi haiulizi umevaa nini."

Marehemu mume, mtaa mzima ulimwita Sajini, hata watoto waliokuwa wakimkimbia. Mjane naye hakuwa na jina jingine ila Fundi, kwa sababu alishona vitabu. Katika maktaba ya mji, nyuma ya rafu za mwisho, kuna chumba kidogo kinachonuka gundi. Humo alikaa yeye na sindano zake, uzi uliopakwa nta na kisu chembamba kama wembe, akivirudishia uhai vitabu vilivyochoka. Na vitabu, msomaji wangu, havichoki sawasawa. Kamusi hukaa mpaka ikarithiwa. Lakini riwaya ya mpelelezi aliyempenda shahidi anayemlinda haimalizi mwaka. Husomwa jikoni ikarukiwa na mafuta, husomwa bafuni ikavimba, hufichwa chini ya dawati ofisini, hulaliwa. Hurudi maktaba ikiwa hoi, mgongo umevunjika, na ukurasa wa busu la kwanza umekuwa mweusi kwa vidole vya watu.

Fundi aliziponya zote, na kabla ya kuzirudisha rafuni alizisoma. Zamani alimsomea Sajini kwa sauti, mumewe akirudi kazini. Sajini hukaa kwenye kiti chake cha mikono karibu na dirisha, buti bado miguuni, maana alidai akizivua tu usingizi unamkamata. Ikikaribia sura ya mwisho huinua mkono: "Simama hapo. Nimtaje mwuaji." Akamtaja, na kila mara akakosea. Polisi mzima, mwenye kuogopwa na wezi wa kweli, lakini kwenye riwaya aliwatia pingu wauguzi, vipofu na vikongwe wasio na hatia. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo hakumwambia mtu. Baada ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka na masufuria yao, alifungua kitabu siku moja akasoma kwa sauti mbele ya kiti kitupu, kwa upweke tu. Alipofika katikati, kiti kililia. Kililia kama kinavyolia mtu mzito anapoegemea. Kisha harufu ya kiwi ya viatu ikamjia puani, mbichi, kama ya buti zilizopigwa brashi asubuhi ile. Hakupiga kelele. Aliendelea kusoma huku machozi yakidondokea karatasi. Tangu siku hiyo kila akisoma, Sajini huja. Asiyeamini asiamini.

Lakini tangu mazishi, sura ya mwisho hakuisoma kwa sauti hata mara moja. Aliogopa. Msikilizaji hukaa kwa sababu hadithi haijaisha. Ikiisha, hujinyoosha, huinuka, huenda zake.

"Hodi!"

Fundi aliacha kukunja nguo. "Karibu, Inspekta."

Aliingia akainama kidogo, maana alikuwa mrefu kuliko mlango. Alivua viatu akaviacha kando ya mkeka wa mlangoni, na Fundi akaona soksi moja imetoboka, kidole kikubwa kinachungulia. Ajabu ya mapenzi hiyo. Kuna wanawake huyeyushwa na manukato, yeye aliyeyushwa na tundu la soksi. Tuseme wazi, tusizunguke mbuyu: alimpenda mtu huyu. Kwanza alikuja kwa wajibu, kumjulia hali mjane wa mwenzake. Kisha akaanza kuja maktaba kuazima riwaya, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kusoma kitu ila maelezo ya mashahidi. Kisha ikawa asipokuja, siku haiishi.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema kuelekea chumba cha pili.

"Marahaba," sauti ilijibu, baridi tupu. "Mimi nimelala."

Mlango wa chumba hicho ulikuwa wazi. Inspekta alitabasamu, akavuta hatua kuelekea kiti cha karibu na dirisha, akageuka akae.

"Si hapo!"

Fundi mwenyewe alishtushwa na ukali wa sauti yake. Inspekta alisimama wima kama aliyekanyaga msumari. Alikitazama kiti, akamtazama Fundi, hakuuliza. Alivuta kigoda akaketi, magoti yamemfika karibu na kidevu.

"Nimekuja na mambo mawili," alisema. "Moja la kazi, moja la moyo. Nianze na lipi?"

Kikohozi kilisikika chumbani.

"La kazi," Fundi alisema haraka.

Inspekta alifungua mkoba akatoa vitabu viwili, akavilaza mezani ubavu kwa ubavu. Vilikuwa kitabu kimoja, jalada lile lile, kivuli cha mwanamume chini ya taa ya barabarani.

"Hiki nimekiazima maktaba. Hiki nimekinunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Cha maktaba kinaishia mpelelezi ameshika kitasa cha mlango. Hiki kingine kinaendelea."

"Wasomaji huchana," Fundi alisema. Hakuinua macho. "Mkuu wa maktaba analalamika kila siku."

"Amelalamika mpaka kwangu. Anaamini kuna mwizi wa sura za mwisho, ameniomba nimkamate." Alipitisha kidole taratibu ndani ya mgongo wa kitabu. "Lakini msomaji akichana karatasi huacha meno. Hapa hakuna jino hata moja. Zimekatwa kwa kisu chembamba, halafu mgongo ukashonwa upya kitabu kisilegee. Nikajiuliza, mwizi gani huyu anayeiba kisha anamfunga aliyemwibia kidonda?"

Fundi alianza kukunja upya nguo iliyokwisha kukunjwa. Masikio yalimwaka moto.

"Nikaazima vingine. Nimesoma mpaka wenzangu kazini wananiita Shangazi. Vile ambavyo mpelelezi anaoa, vyote vizima. Vile ambavyo mpelelezi anakufa, vyote vimekatwa."

"Utanikamata?"

"Ningetaka kukukamata, ningekukamata zamani, tena nisikuachie."

Kikohozi kiliongezeka nguvu. Macho yao yalikutana juu ya vile vitabu viwili, na kwa muda hakuna aliyeweza kuyaondoa.

"Umezichoma?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Nichome karatasi iliyochapwa? Mimi ni fundi wa vitabu. Zimo kabatini."

"Kwa nini, Fundi?"

Alijikaza kisabuni. "Kwa sababu nikikata, yule mtu anabaki nje ameshika kitasa. Hajaingia. Na kama hajaingia, hajapigwa. Yuko hai mpaka kesho, mpaka mwaka kesho. Kosa langu ni nini? Nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia." Inspekta alishusha pumzi. "Basi nisikilize la moyo. Nataka kukuoa."

Safari hii kikohozi kilirefuka kama cha mtu aliyepaliwa na maji. Inspekta alingoja kwa adabu mpaka kikaisha.

"Lakini usinijibu bado. Kazi yangu unaijua. Kila siku nashika vitasa vya milango nisiyojua nyuma yake kuna nini. Ukinikubali leo, utakuwa umemkubali nani? Mimi, au mtu wa kusimama nje ya mlango milele? Nitaishi nawe nikiwa nimeshakatwa. Sitaki. Mimi nina mwisho, Fundi, kama mtu yeyote. Nataka mke anayejua kwamba ninao."

"Acha kazi."

"Fundi..."

"Acha kazi! Kuwa mlinzi wa benki, fundisha vijana chuoni, uza viatu. Ukisema ndiyo, mimi nasema ndiyo sasa hivi, mama akiwa shahidi."

Inspekta alisugua paji la uso. Uso wake ulisawijika. "Ningeweza kukudanganya ukafurahi. Nikiacha kazi, si nitakufa kwa jambo jingine?"

"Hilo nalo kweli," ilisema sauti ya mama, kisha ikakumbuka kwamba imelala. Lakini maji yalikwisha kumwagika, na mama akaendelea kutoka huko huko kitandani: "Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka! Mwache mwanangu. Ameshazika mmoja."

"Mama, nakuheshimu," Inspekta alijibu. "Mimi nami nilimzika. Alikaa kiti cha pembeni yangu garini kila siku."

Nje mtu alikuwa akigonga bati kwa nyundo, mbali. Inspekta aliinamisha kichwa, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini.

"Siku ile alinisimulia riwaya njia nzima. Ile mliyokuwa mkiisoma. Mpiga picha aliyeona mauaji, na mpelelezi anayemlinda. Alisema mmebakiza sura moja tu, na safari hii amemjua mwuaji, hana shaka. 'Leo nikirudi,' akaniambia, 'mke wangu atanipigia saluti.'"

Fundi aliziba mdomo kwa kiganja. "Alikwambia ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Nami aliniambia hivyo hivyo asubuhi, akifunga kamba za buti. Nilimcheka. Mwenye nyumba ndiye mtu mwema pekee kitabu kizima! Anawaletea chai."

"Ni yeye?"

"Sijui."

"Hujui? Miaka mitatu?"

"Nilisoma kimoyomoyo baada ya mazishi. Mpelelezi akasukuma mlango, risasi ikalia. Nikashika kisu." Alilitazama kabati. "Hicho ndicho kitabu cha kwanza nilichokikata."

"Basi kisome. Hapa, na mimi nipo. Kisha unijibu ndiyo au hapana, nami nitapokea lolote."

"Siwezi. Nikisoma, ataondoka."

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Uso wote ulimwiva kwa aibu, akangoja kuchekwa, au kuhurumiwa, na huruma ingekuwa mbaya zaidi. Inspekta hakufanya mojawapo. Aligeuza kichwa akakitazama kiti cha karibu na dirisha, mto wake umebonyea katikati kama mto wowote uliokaliwa sana.

"Yuko hapo?"

"Huja nikisoma."

"Ndiyo maana ulinizuia." Akakiambia kiti, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahani, Sajini. Kidogo nikukalie."

Fundi alitaka kucheka, akalia. Alilia kwa kwikwi, mikono imeanguka mapajani, na Inspekta hakumsogelea, ingawa mkono wake uliinuka mara mbili ukarudi gotini. Fundi alipomaliza, alipangusa uso kwa mtandio, akaenda kabatini. Zilikuwa chini ya mashuka, sura za mwisho, kila moja imefungwa kwa uzi wake. Hakuhitaji kutafuta. Ile aliyoitaka ilikuwa ya chini kabisa.

Aliketi. Akafungua uzi. Akaanza.

Mwanzoni sauti ilikuwa nyembamba, inakatika katika. Mpelelezi alipanda ngazi, akasikia redio nyuma ya mlango, akashika kitasa. Ndipo kiti kikalia.

Inspekta aliinua kichwa. Alikuwa mtu wa kukaa na maiti bila kupepesa macho, lakini vinyweleo vya mikono yake vilisimama. Harufu ya kiwi ilijaa chumbani. Fundi alimtazama juu ya karatasi, akaona kwamba naye anaisikia, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakuwa peke yake katika jambo lile. Akaendelea.

Mlango ulisukumwa. Risasi ililia. Mpelelezi alianguka kwenye zulia la watu. Fundi alisoma kila neno, hakukuwa na neno refu hata moja, na aliposoma kwamba macho yamebaki wazi ilimbidi anyamaze avute pumzi. Kidole chake kikahesabu zilizobaki. Alidhani kitabu kinaishia hapo, maana siku ile alizikata zote bila kuzitazama. Kulikuwa bado na karatasi nyingi.

"Sikujua kuna kurasa baada yake," alisema.

"Endelea."

Mwuaji alitoka nyuma ya pazia akiwa na bastola mkono mmoja na bilauri ya chai mkono wa pili. Fundi alisimama wima.

"Mwenye nyumba!" alipiga kelele. "Ni mwenye nyumba! Umepatia, mume wangu! Umepatia!"

Alikichekea kiti, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, akakipigia saluti kama alivyodaiwa. Kiti kililia tena, na Inspekta baadaye angeapa kwamba kililia kama mtu anayejitapa.

Sehemu iliyobaki haikuwa na bunduki. Ilikuwa ya yule mpiga picha peke yake. Alitoa ushahidi. Aliugua, akapona. Alikosana na dada yake wakapatana. Akafungua tena studio yake, na mteja wa kwanza akawa mtoto mchanga aliyegoma kunyamaza, naye, kwa kuwa ndiyo kazi, akakunja uso, akatoa ulimi, akabweka kama mbwa, mpaka mtoto akacheka, na mpiga picha akasikia kuna mtu mwingine anayecheka mle ndani, akagundua ni yeye. Hapo kitabu kikaisha.

Fundi aliweka karatasi ya mwisho juu ya nyingine. Hakuzitazama tena. Alimtazama Inspekta, mtu mrefu aliyejikunja juu ya kigoda, mwenye soksi iliyotoboka, ambaye ipo siku angekufa.

"Ndiyo," alimwambia. "Na ninaogopa. Nitaogopa kila utakapotoka, usije ukasema sikukwambia."

"Hata mimi naogopa," Inspekta alisema, macho yake yamelowa. "Kila nikitoka."

"Basi tutaogopa pamoja."

Alinyoosha mkono juu ya meza, naye akaupokea. Na hapo hapo kiti cha karibu na dirisha kikalia kwa mara nyingine, lakini si mlio wa kuegemea. Ulikuwa mlio wa kuinuka. Buti nzito zikavuka sakafu, taratibu, bila haraka, zikapita kati ya meza na ukuta, karibu kiasi kwamba karatasi zilipeperuka kidogo. Mlango wa nje ukafunguka. Hatua zikateremka kizingiti, zikapotea. Vidole vya Fundi vilimbana Inspekta mpaka vikamuumiza, lakini hakumwita aliyetoka. Alimwacha aende.

Mama, ambaye usingizi wa kweli ulikuwa umempitia kitabu kikisomwa, alitokea chumbani akifunga kitambaa kichwani.

"Afadhali ameondoka," alisema. "Nimesikia buti zake zikipita. Lakini hata kuaga, jamani? Ndiyo malezi gani hayo ya..."

Akamwona Inspekta juu ya kigoda, mkono wa binti yake mkononi mwake. Akaviona viatu vya mgeni, vitupu, kando ya mkeka. Akautazama mlango uliokuwa wazi, pazia bado linacheza. Aliketi kwenye ukingo wa meza.

"Sasa mwanangu," alinong'ona, "aliyetoka ni nani?"

Fundi aliinuka akaenda mpaka kizingitini. Barabara ilikuwa na jua kali na watu wenye shughuli zao. Alisimama hapo kitambo, kama anayemsindikiza mtu kwa macho mpaka apinde kona. Kisha akageuka.

"Ni mkweo, mama," alisema. "Nimemsomea mpaka mwisho."